Kinga ya TB kwa anayeishi na VVU ni amana ya nyumba nzima

Katika miji na vijiji vyetu hivi leo ziko nyumba nyingi ambazo ndani yake yumo mtu anayeishi na virusi vya ukimwi (VVU). Anameza dawa zake, anakwenda kwenye shughuli zake, anaswali safu ya mbele, na majirani hawana habari. Hiyo ni neema. Wanaokumbuka hali ilivyokuwa kabla ya mwaka 2004, dawa hizo zilipoanza kutolewa bure nchini Tanzania, wanaijua thamani ya neema hiyo, kwani wamezika vijana wengi.

Hata hivyo, upo mlango mmoja ambao wengi wetu tumeuacha wazi. Mlango huo ni kifua kikuu, yaani TB. Mtu anaweza kuwa hodari wa kumeza dawa zake za VVU miaka na miaka, kisha akaondoka duniani kwa TB ambayo ingeweza kuzuiwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, katika mwaka 2023 watu wapatao milioni 10.8 waliugua TB duniani kote, na watu milioni 1.25 walifariki kwayo. Kati ya hao waliofariki, wapatao 161,000 walikuwa wanaishi na VVU. Mwaka huo huo, vifo vyote vilivyohusiana na ukimwi vilikadiriwa kuwa 630,000. Maana yake ni kwamba takribani robo ya vifo hivyo ilitokana na TB, maradhi ambayo yana kinga na yana tiba.

Wala tusidhani kuwa hayo ni ya nchi za mbali. Tanzania na Kenya zote mbili ziliwekwa na shirika hilo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB na VVU kwa pamoja, orodha ya miaka ya 2021 hadi 2025.

Hoja yetu katika makala haya ni moja. Kinga ya TB kwa mtu anayeishi na VVU haiwezi kuwa siri yake peke yake. Dawa za kinga zipo, lakini mtu anayezimeza kwa kujificha chini ya mto ni vigumu kuzimaliza. Na hewa ya chumba anacholala haibadiliki kwa juhudi zake yeye mmoja. Kwa hiyo nyumba ndiyo inayokinga, na nyumba ndiyo inayoua.

Kwa nini TB humkamata zaidi mwenye VVU

TB husababishwa na kijidudu ambacho daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alitangaza kukigundua tarehe 24 Machi 1882. Ndiyo maana kila mwaka tarehe hiyo huadhimishwa kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Lakini kwamba maradhi haya huambukizwa, wanazuoni wetu wa tiba walilitambua mapema zaidi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Al-Qanun fi al-Tibb aliyataja maradhi ya mapafu yanayokondesha mwili miongoni mwa magonjwa yanayopita kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Mgonjwa wa TB ya mapafu ambaye hajaanza dawa anapokohoa, kupiga chafya, hata kuzungumza, hutoa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo huelea hewani kwa muda mrefu, hasa katika chumba chenye giza na kilichofungwa. Mwingine akizivuta, vijidudu hufika ndani kabisa ya mapafu.

Ni vyema ikafahamika kwamba kuvuta vijidudu si sawa na kuugua. Inakadiriwa kuwa karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa. Kwa wengi wao, kinga ya mwili huvizingira vijidudu hivyo na kuvifungia kama wafungwa. Mtu hakohoi, hakondi wala hamuambukizi yeyote. Wataalamu husema kuwa TB imelala. Kati ya watu mia moja wa aina hiyo, watano hadi kumi tu ndio watakaougua katika umri wao wote.

Sasa tazama anayeishi na VVU. Virusi hivyo hushambulia wale wale askari wa mwili waliopewa kazi ya kuwalinda wafungwa. Askari wakipungua, mfungwa huvunja lango. Ndiyo maana hatari ya kuugua TB kwa anayeishi na VVU ni zaidi ya mara kumi ya hatari ya asiye navyo. Zaidi ya hapo, TB yake mara nyingi haiji kwa sura tuliyoizoea. Huenda asikohoe sana wala asiteme damu. Inaweza kumshika kwenye tezi, kwenye uti wa mgongo au kwenye utando wa ubongo. Makohozi yake yanaweza kupimwa kwa darubini na kuonekana masafi, ilhali mwili unaliwa ndani kwa ndani.

Ngao ya kwanza ni dawa za VVU zenyewe

Uchunguzi uliokusanya matokeo ya nchi mbalimbali umeonesha kuwa dawa za kufubaza VVU peke yake hupunguza hatari ya kuugua TB kwa karibu theluthi mbili. Na tangu mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani linashauri kila aliyegundulika kuwa na VVU aanzishiwe dawa bila kusubiri kinga ishuke. Kwa hiyo anayeishi na VVU akikatisha dawa zake huwa amewafungulia wafungwa lango kwa mkono wake.

Hapa hatuna budi kusema ukweli. Kila baada ya muda huzuka mtu akatangaza dawa ya kuondoa VVU moja kwa moja. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, Waislamu na wasio Waislamu, walimiminika kijiji cha Samunge huko Loliondo kunywa kikombe, na wako walioacha dawa zao baada ya hapo. Kwetu sisi wako pia wanaoambiwa kuwa kombe na kisomo vinatosha, vidonge vitupwe. Kumuombea mgonjwa na kumsomea ni jambo jema, na hakuna daktari mwenye akili atakayelipinga. Lakini anayemwambia mgonjwa atupe dawa anambebesha mzigo ambao yeye mwenyewe hatauchukua siku ya mazishi.

Ngao ya pili ni dawa za kuzuia TB

Hapa ndipo penye pengo kubwa. Watu wengi wanajua kuwa TB ina dawa ya kutibu. Wachache wanajua kuwa ipo dawa ya kuizuia kwa yule ambaye bado hajaugua.

Dawa ya zamani inaitwa isoniazidi. Humezwa kila siku kwa miezi sita au zaidi, kulingana na utaratibu wa nchi. Upo pia utaratibu mpya zaidi wa kumeza isoniazidi pamoja na rifapentini mara moja tu kwa wiki, kwa wiki 12. Maana yake ni kumeza mara 12 ukamaliza. Utaratibu upi unapatikana na upi unamfaa mtu, hilo huamuliwa kliniki, kwa sababu rifapentini haipatani na baadhi ya dawa za VVU, na hudhoofisha nguvu ya baadhi ya dawa za uzazi wa mpango. Mama mjamzito naye aeleze hali yake mapema, apangiwe wakati unaofaa.

Je, dawa hizi zinasaidia kweli, au ni kuongezewa vidonge tu? Nchini Ivory Coast ulifanyika utafiti mkubwa uitwao Temprano, ulioanza mwaka 2008 na kuhusisha watu 2,056 wanaoishi na VVU. Waliopewa isoniazidi kwa miezi sita walifuatiliwa kwa miaka kadhaa pamoja na wasiopewa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionesha kuwa vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 37 kwa waliopewa. Na faida hiyo ilionekana hata kwa watu ambao kinga yao ilikuwa bado ya juu, yaani wale wanaojiona wazima kabisa.

Kabla ya kupewa dawa ya kinga, mhudumu wa kliniki ya CTC anatakiwa kumuuliza mtu maswali manne. Je, unakohoa? Je, una homa? Je, umepungua uzito? Je, unatokwa na jasho jingi usiku? Akijibu hapana kwa yote manne, na hana kizuizi kingine, anafaa kupewa kinga. Akijibu ndiyo kwa hata moja, asipewe kinga kwanza, bali apimwe TB. Maswali haya yajibiwe kwa ukweli. Mwenye TB iliyoamka akipewa dawa ya kuzuia peke yake, vijidudu huzoea dawa hiyo na kuwa sugu, kwani TB iliyoamka hutibiwa kwa dawa nne kwa pamoja mwanzoni.

Kwa asiye na VVU tumezoea kusikia kuwa akikohoa wiki mbili aende kupimwa. Kwa mwenye VVU wiki mbili ni nyingi mno. Kikohozi cha siku yoyote ile kinatosha kumpeleka kituoni. Siku hizi hospitali nyingi zina mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, ambayo hutambua TB kwenye makohozi ndani ya takribani saa mbili na kuonesha kama ni sugu. Kipo pia kipimo cha mkojo kinachomsaidia mwenye VVU aliyedhoofu sana na asiyeweza kutoa makohozi. Mgonjwa na ndugu zake wana haki ya kuuliza kama vipimo hivyo vinapatikana.

Visingizio tunavyovisikia

Cha kwanza: "Mimi siumwi, kwa nini nimeze dawa ya TB?" Jibu ni kwamba kinga hutolewa kwa asiyeumwa. Hakuna anayesubiri nyumba ishike moto ndipo atafute ndoo ya maji. Mtoto hupelekwa chanjo akiwa mzima, na mzazi haulizi kwa nini.

Cha pili: "Dawa zimezidi." Ni kweli vidonge vinachosha. Lakini pima. Kidonge cha kinga kwa miezi michache, au dawa nne za TB pamoja na za VVU kwa pamoja, miezi sita, huku mtu amelala kitandani na kazi imesimama?

Cha tatu: "Dawa hiyo ina madhara." Madhara yapo, na ni haki ya mtu kuyajua. Isoniazidi inaweza kuleta ganzi au kuchomachoma kwenye nyayo na vidole, ndiyo maana hutolewa pamoja na vitamini B6. Kwa wachache huathiri ini. Akiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, anatapika au tumbo linamuuma upande wa juu kulia, aache kumeza dawa ya kinga na aende kituoni siku hiyo hiyo. Anayetumia dawa za miti shamba awaambie wahudumu, kwani baadhi yake huumiza ini. Kwa upande mwingine, rifapentini hugeuza mkojo na jasho kuwa na rangi ya machungwa. Hilo halina madhara, ila asiyeambiwa hushtuka akaacha dawa.

Cha nne: "Ajali imeandikwa, kama ni kufa nitakufa." Ndugu msomaji, sisi tunaamini qadar. Lakini Mtume (s.a.w.) alifundisha umma wake kutafuta dawa, akakataza kuingia penye tauni na kutoka penye tauni, na akafundisha kuwa ngamia hufungwa kwanza kisha ndipo mtu akategemea kwa Mola wake. Hatujapata kumuona mtu anayeacha mlango wa duka wazi usiku kwa hoja ya tawakkul. Basi mapafu ya watoto wetu yasiwe na thamani ndogo kuliko duka.

Cha tano ndicho kikubwa, na mara nyingi hakisemwi kwa sauti: "Nikionekana na dawa, watajua." Hiki si kisingizio cha mgonjwa. Hili ni kosa letu sisi tunaoishi naye.

Aibu tunayoitengeneza majumbani

Tufikiri kidogo juu ya tunavyoishi. Mtu akigundulika ana TB, kesho yake amenunuliwa sahani yake, kikombe chake na kijiko chake. Nguo zake zinafuliwa kando. Watoto wanakatazwa kupeana naye mkono. Yote hayo hayazuii TB hata kidogo, kwa sababu TB haipiti kwenye sahani, wala kwenye nguo, wala kwa kupeana mikono. Lakini usiku, dirisha la chumba hicho hicho linafungwa, pazia zito linateremshwa, na watu watano wanalala humo. Tumekinga sahani tukaacha hewa.

Matokeo yake ni nini? Yule mwingine ndani ya nyumba, anayeishi na VVU kimya kimya, anaona jinsi mgonjwa wa TB alivyotengwa. Naye anajiambia: kama kikohozi tu kimeleta haya, je, wakijua yangu? Basi anaficha dawa. Anaziweka kwa rafiki, anazihamisha, anaruka siku mbili wageni wanapokuja, anaacha kabisa anaposafiri kwenda harusini. Dawa ya kinga, ambayo yeye mwenyewe haoni ugonjwa inaoutibu, ndiyo ya kwanza kuachwa.

Hatusemi kuwa siri ya mtu itangazwe. Siri ya ndugu ni amana, na kuifichua ni dhambi. Tunachosema ni kwamba nyumba iwe mahali ambapo mtu anaweza kumeza kidonge chake mbele ya mke, mume, mama au ndugu mmoja tu anayemuamini, na huyo akamkumbusha bila kumsimanga. Mmoja anatosha. Na kumpata huyo mmoja kunategemea maneno tunayoyatamka sisi kila siku sebuleni kuhusu wagonjwa wa watu wengine. Anayesikia mama yake akisema kuwa ukimwi ni adhabu ya wazinzi, hatamwambia mama yake kitu, hata kama virusi alivipata kwa mumewe wa halali.

Hewa ni kinga ya wote

Ndugu mwenye VVU anaweza kumeza kila kitu akaambukizwa tena kesho yake. Kwa hiyo ngao ya tatu ni hewa, na hii haihitaji daktari.

Mwaka 2007 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali nane za mji wa Lima, Peru. Watafiti walipima jinsi hewa inavyobadilika vyumbani. Majengo ya zamani, yaliyojengwa kabla ya mwaka 1950, yenye dari refu na madirisha makubwa yaliyofunguliwa, yalikuwa na hewa salama zaidi kuliko majengo mapya, na hata kuliko vyumba vyenye mitambo ya kupuliza hewa. Wazee wetu waliojenga nyumba zenye dari refu na matundu juu ya milango hawakuwa wajinga. Sisi tunaoziba kila tundu kwa hofu ya mbu na wezi, kisha tukaweka kiyoyozi kinachozungusha hewa ile ile, tujiulize upya. Mbu wana chandarua na wavu wa dirishani, mwizi ana nondo. Hewa chafu haina dawa ila hewa safi.

Ubaya wa kupuuza hewa ulionekana Tugela Ferry, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Katika taarifa iliyochapishwa mwaka 2006, madaktari walieleza wagonjwa 53 wa TB sugu kupindukia. Kati yao 52 walifariki. Wote waliopimwa VVU walikutwa navyo. Na dalili zilionesha kuwa wengi waliambukizwa wakiwa hospitalini, mahali walipokwenda kutafuta afya. Kwa hiyo viongozi wa zahanati na hospitali, zikiwemo zinazoendeshwa na taasisi zetu za Kiislamu, wasimchanganye anayekohoa na wanaosubiri dawa za VVU katika ukumbi mmoja uliofungwa. Anayekohoa apewe barakoa, akae penye upepo, ahudumiwe wa kwanza aondoke.

Na tusisahau adabu tuliyofundishwa. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alipopiga chafya alifunika uso wake kwa mkono au kwa nguo. Hiyo ni sunna nyepesi. Mtoto wa madrasa anaweza kuifundishwa siku ya kwanza pamoja na alif na ba.

Nini kifanyike

Kwanza, anayeishi na VVU aulize kliniki siku yake ijayo: "Je, nimeshapewa dawa ya kuzuia TB? Kama bado, kwa nini?" Asisubiri kuulizwa. Akiambiwa dawa zimekwisha, aulize zitakuja lini, arudi aulize tena.

Pili, kila aliyegundulika kuwa na TB, watu wote wa nyumba yake wapimwe, hasa watoto wa chini ya miaka mitano na wanaoishi na VVU. Hao nao hupewa dawa ya kinga wakikutwa hawajaugua. Chanjo ya BCG apewayo mtoto mchanga humkinga na TB kali ya utotoni, lakini haimkingi baba wala mama, kwa hiyo asiitegemee mtu mzima.

Tatu, babu au bibi anayekohoa mwaka mzima asiachwe kwa kisingizio cha pumu au uzee. Mara nyingi ndiye anayelala na wajukuu. Apelekwe akapimwe. Akikutwa na TB na akaanza dawa, uwezo wake wa kuambukiza hushuka ndani ya wiki chache, wala hakuna haja ya kumtenga miezi yote sita. Muhimu ni asikatishe dozi.

Nne, sigara iondoke ndani ya nyumba. Moshi wake hudhoofisha mapafu na huongeza hatari ya TB kwa mvutaji na kwa anayevutishwa.

Tano, mwezi wa Ramadhani usiwe mwezi wa kuacha dawa. Mgonjwa ameruhusiwa kutofunga, na ruhusa hiyo ni rehema, haina fedheha. Aliye na nguvu, ambaye daktari wake amemkubalia kufunga, aombe mapema kupangiwa muda wa usiku. Dawa ya mara moja kwa siku inaweza kupangwa baada ya futari au wakati wa daku, na ile ya mara moja kwa wiki ni rahisi zaidi. Asijipangie mwenyewe kwa kuruka dozi.

Sita, maimamu na walimu wa madrasa. Misikiti ifunguliwe madirisha, hasa wakati wa darsa ndefu na swala ya Ijumaa. Mwalimu anayekohoa apimwe kabla ya kuendelea kukaa na watoto arobaini katika chumba kimoja. Na khutba zinapozungumzia maradhi haya, zizungumzie kliniki na madirisha kuliko zinavyozungumzia dhambi za watu wasiokuwepo kujitetea.

Saba, serikali. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Tanzania ulianza mwaka 1977, na njia ya tiba ya muda mfupi chini ya uangalizi iliyofanyiwa kazi hapa nchini ilikuja kuwa mfano kwa dunia. Ni fahari yetu. Lakini sehemu kubwa ya fedha za VVU imekuwa ikitoka kwa wafadhili, na mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilipositisha ghafla misaada yake mingi ya nje, huduma za VVU katika nchi nyingi za Afrika ziliyumba. Dawa ya kinga ni rahisi kuipunguza kwenye bajeti kwa sababu anayeihitaji halalamiki, kwani bado haumwi. Atalalamika baadaye, na wakati huo gharama itakuwa kubwa zaidi. Kodi zetu zianze na kidonge hiki.

Ndugu msomaji, leo usiku kabla ya kulala fungua dirisha la chumba ambacho watoto wanalala. Kisha jiulize kama ndani ya nyumba yako, mwenye dawa za kumeza ana mtu mmoja wa kumwambia. Kama hujui jibu, angalia ulimi wako kwanza. Allah awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie tuwe sababu ya afya zao. Amin.